Tai ya ofisa wa 1916 niliitoa kwenye skafu ya mtumba

Februari 12, 1916, brigedi ya Afrika Kusini iliyopigana upande wa Waingereza ilishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck likairudisha nyuma. Katika igizo letu la kumbukumbu ya vita hivyo nilipewa nafasi ya ofisa wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Koti nilikuwa nalo. Tai ndiyo iliyonitoa jasho.

Askari wa kawaida wa KAR hakuvaa tai. Ofisa ndiye aliyekuwa na koti la kola wazi, shati la kaki na tai ya rangi hiyohiyo, kwa hiyo jicho la anayejua huanzia shingoni. Niliyonunua dukani ilikuwa ya poliesta, pana, na juani inang'aa kama karatasi ya peremende. Haikufaa kabisa.

Nikaenda soko la Kongowea, Mombasa. "Ndugu yangu, hii sufu tupu," muuzaji akaapa, ameshika skafu ya rangi ya maziwa. Nikamwomba ruhusa, nikachomoa uzi mmoja ukingoni na kuuwasha kiberiti. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu; huu ulinuka nywele zilizoungua, majivu yakasagika vidoleni. Nikalipa.

Rangi niliipata jikoni. Niliilaza skafu usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito, vuguvugu tu, maana sufu ukiichemsha na kuikoroga hujikaza ikawa kama blanketi. Asubuhi ilikuwa ya njano mno. Nikatia misumari yenye kutu kwenye chai ileile, na taratibu rangi ikazama hadi kaki yenye ukijani. Kisha nikaisuuza mpaka maji yakatoka meupe, nisije nikachafua kola.

Tai za leo hukatwa mshazari, mtindo ulioenea baada ya Jesse Langsdorf wa New York, miaka ya 1920. Yangu niliikata kufuata uzi, sentimita 6 upande mpana, bila bitana nzito. Fundo ni lile jepesi la mzunguko mmoja, dogo, limeinama kidogo upande, na chini yake pini inayobana ncha mbili za kola.

Kitambaa kilichokatwa hivyo hakinyooki upesi, kwa hiyo kila nikiivua naifungua fundo lote na kuiviringisha. Mkunjo wa shingoni umebaki. Pasi siugusishi.