Siku ya kupumzika Kaliua, na swali la mama mwenye nyumba

"Mwanangu, kumbe leo mnapumzika?"

"Ndiyo mama, leo tunapumzika."

"Haya. Na sisi mmetupangia siku gani?"

Alicheka, Shemeji akacheka, Fundi akacheka mpaka akapaliwa na uji. Hao wawili ndio wenzangu wa safari hii ya baiskeli. Mimi pia nikacheka, kwa adabu, ila neno likanikwama. Mnajua mimi ni Mzaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara ya pembe iliyokuwa ikishuka Bagamoyo. Mama ana haki ya kunirushia lolote na mimi sina haki ya kununa. Lakini mtani akikurushia neno hukutazama usoni aone limekupataje. Yeye macho yake yalikuwa kwenye ungo, anachambua maharage. Na sisi mmetupangia siku gani?

Ya wiki nzima ya kupiga pedali kuelekea Kigoma niyapitishe upesi: Nane Nane imetukuta Urambo, upepo wa mbele umetutesa, spoku mbili za Fundi zimekatika, na kazini wamekubali kuniongezea likizo.

Turudi kwa mama. Kinachonisumbua ni hesabu ya maji. Mtu aliyefika na vumbi jekundu mpaka kwenye kope anaoga jioni, na kesho yake anaoga tena: lita 30 hivi. Kufua jozi mbili za nguo na kusuuza ni lita 40, kwa sababu kaptura yenye sponji lazima isuuzwe mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ikibaki ndani, jasho la kesho yake linaiamsha, paja linachubuka na safari inakuwa adhabu. Ya kunywa na kujaza chupa, lita 6. Jumla 76, yaani karibu madumu manne ya lita 20 kwa mtu mmoja. Nyumba hii imetupokea wawili, mimi na Fundi, na Shemeji yuko kwa mdogo wake mama, nyumba ya pili. Kwa hiyo hapa ni madumu manane juu ya maji ya kawaida ya familia, na kila moja linatoka kwenye pampu ya mkono yenye foleni, kichwani kwa binti. Ongeza unga, nusu kilo kwa siku kwa kila tumbo, maana miguu iliyotoka kupiga pedali haishibi upesi. Ongeza na kuni za kuchemshia maji ya kuoga, ambayo hatukuomba yawe ya moto na yakaja ya moto.

Kwa hiyo swali lile lilikuwa la haki, hata kama lilikuja kwa mlango wa utani.

Kwa wanaojipanga kupita njia hii: nyumba moja isipokee zaidi ya wawili, hata wenyeji wakisisitiza. Taarifa itangulie kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mkifika mwandikwe kwenye daftari la wageni kabla hamjafungua mizigo, ili mwenye nyumba asije kuulizwa usiku amelaza akina nani. Mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni ya mche vikabidhiwe kwa mama siku ya kufika, kabla moto haujawashwa. Ukisubiri kuaga ndipo utoe noti, unaigeuza nyumba yake gesti, na wengine hilo huwauma kuliko kutopewa kitu. Na msifike baada ya saa kumi jioni. Mgeni wa saa kumi na mbili anapikiwa mara ya pili.

Maji ndiyo tuliyaamulia leo leo: tukayachote wenyewe. Baiskeli zetu za gia hazifai kazi hiyo. Kariya nyingi za alumini zimepimwa kwa kilo 25, na dumu moja lililojaa ni kilo 20 na ushee, kwa hiyo dumu la pili tayari ni kuizidishia. Baba mwenye nyumba ana Phoenix ya inchi 28, kariya ya chuma, fremu nzito. Hiyo inabeba madumu mawili ubavuni na la tatu juu bila kulalamika, mradi ukubali kuisukuma kwenye mchanga. Dumu lijazwe mpaka shingoni, kwani likiwa nusu maji yanacheza na usukani unacheza nayo. Kipande cha nailoni kikae chini ya kifuniko. Kufungia ni mipira ya tyubu kuukuu, ivutwe kwa nguvu na kupishana chini ya kariya, maana fundo moja likilegea mzigo wote unalala upande mmoja na kukuangusha.

Na miguu yenyewe siku ya kupumzika inataka kazi nyepesi kama hiyo. Ukilala kutwa, kesho yake unaamka magoti yamekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Nusu saa ya kwenda polepole, bila kusukuma kwa nguvu, inatosha kuiamsha.

Niliporudi na mzigo wa kwanza, mama alikuwa mlangoni. Safari hii alinitazama. Akaita nyumba ya pili kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni: "Njooni muone! Zamani sisi ndio tuliokuwa tunawabebea hawa mizigo mpaka pwani. Leo mpagazi ni Mzaramo!"

Nilicheka mpaka nikalazimika kuegemeza baiskeli kwenye mwembe. Hapo sasa ndipo nilipopumzika.

Mchana wote uliobaki tulikuwa na Fundi chini ya mwembe huo huo. Spoku zake zimekatika pale zinapokatika siku zote: gurudumu la nyuma, upande wa cheni, kwenye kona inayoingia habu, yaani kitovu cha gurudumu. Upande huo spoku zimesimama wima zaidi ili gia zipate nafasi, kwa hiyo zinakazwa kuliko za kushoto, halafu sisi tunaweka mzigo wote nyuma. Kubadilisha ni lazima ung'oe gia kwanza, na usipobeba kifungulio chake, spoku za akiba ni pambo tu. Kunyoosha ringi, geuza baiskeli miguu juu na utumie mpira wa breki kama kipimo. Ikiwa imevutwa kushoto, kaza za kulia robo mzunguko kila moja, zungusha, tazama tena. Ukikaza nusu mzunguko kwa pupa, unahamisha tatizo tu.

Mbigili tulizitafuta kwa kupitisha kitambaa laini ndani ya tairi, mwiba ukishika unausikia. Tyubu tulizizamisha kwenye beseni la maji ya kusuuzia, tusichote mengine. Viraka vinavyobanduka karibu vyote vimebandikwa gundi ikiwa bado mbichi: piga msasa, paka nyembamba, subiri isishike kidole, ndipo ubandike. Cheni tulipima kwa rula. Vipande 24, pini hadi pini, cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, ujue imeshakula na meno ya gia. Yangu imefika hiyo ya kwanza. Nitainunulia mwenzake Kigoma mjini, hapa kuna za Phoenix tu na ni pana mno.

Kesho Usinge, tukielekea Nguruka. Huko msituni kuna mbung'o, kwa hiyo shati la bluu limeingia chini kabisa ya begi. Mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi wanazozifuata.

Nilitaka kuishia hapo, ila ujumbe umeingia sasa hivi kutoka kwa yule anayetuangalizia mizinga yetu ya nyuki kule Sikonge. Siafu wamepanda, mizinga miwili iko kimya. Anasema amemwaga majivu shinani. Majivu hayatoshi, zile waya za kutundikia zinatakiwa kupakwa grisi, na nyuki wakihama sasa, miti ya miombo itachanua mizinga ikiwa mitupu. Nampigia, simu haipatikani. Shemeji bado hajui, na nusu ya mizinga hiyo ni yake.