Yoga nyumbani kwa mwili mkubwa: nilivyojifunza kukaa sawasawa

Mimi ni mwanamke mnene, mwenye kifua na nyonga, na magoti yangu huuma nikipanda ngazi. Daktari aliponishauri nitafute zoezi la viungo lisilohusisha kurukaruka, nilichagua yoga. Madarasa ninayoyafahamu hapa Dar yako Masaki na Oysterbay, na kutoka Mbagala jioni, kwa foleni ile, unafika umeshachoka. Mwalimu wangu akawa simu. Ukumbi ni sebule, meza inasukumwa pembeni baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka.

Tatizo la video nyingi ni kwamba anayefundisha ana tumbo bapa. Anasema inama, kifua kiguse mapaja, na yeye anainama. Hasemi tumbo liende wapi. Hasemi mwenye mapaja yanayokutana afanyeje akiambiwa abananishe miguu. Ukimfuata hivyo hivyo mwili unatafuta njia ya mkato: mgongo unapinda, mabega yanapanda masikioni, pumzi inakata. Ukijitazama unaona umeinama, kumbe misuli ya nyuma ya mapaja, ambayo ndiyo ilikuwa inalengwa, haijanyooshwa hata kidogo.

Nilipata mwanga niliposoma habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Yeye ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda, mablanketi na ukuta katika yoga, ili mzee, mgonjwa au mtu aliyekakamaa aupate mkao ule ule bila kuuvuruga. Nikaelewa kwamba sakafu ikiwa mbali, unaruhusiwa kuileta karibu. Halafu nikakutana na Jessamyn Stanley, Mmarekani mweusi, mnene, mwalimu wa yoga, anayeusema unene wake bila kificho. Kuuona mwili kama wangu umesimama imara kwenye mkao wa yoga kulinipa nguvu ambayo maelezo matupu yasingenipa.

Vifaa vyangu vyote vilikuwa tayari ndani: vigoda viwili vya kimo kimoja, mto, blanketi mbili nzito, kanga, na kiti cha mbao. Cha plastiki nakikataa kabisa. Miguu yake inateleza kwenye vigae na inajipinda ukikiegemea kwa uzito wote. Hata cha mbao nakiweka mgongo wake ukiwa umegusa ukuta.

Mkao ulionifundisha zaidi ni ule wa kukaa chini, miguu imenyooshwa mbele, na kuinama. Nikikaa sakafuni moja kwa moja, kiuno kinarudi nyuma na mgongo unajikunja hata kabla sijaanza. Kwa hiyo nakunja blanketi hadi iwe nene, nakaa kwenye ukingo wake. Naingiza mkono chini ya kila kalio, nalivuta nyuma na nje, mpaka nihisi nimekalia mifupa miwili ya chini ya nyonga. Miguu naiachanisha kwa upana wa nyonga au zaidi. Kisha nalishika tumbo kwa viganja vyote, nalinyanyua na kulipeleka mbele kati ya mapaja, ili mkunjo wa nyonga ubaki wazi. Wala sioni aibu kuyasema haya, maana ndiyo niliyoyatafuta kwenye video zile nisiyapate. Mwisho napitisha kanga nyuma ya nyayo, nashika ncha zake, nauinua mgongo kwanza, ndipo nainama kidogo kutokea nyongani. Sifiki mbali. Lakini mvuto unakuja pale pale unapotakiwa, nyuma ya mapaja, na pumzi inapita.

Swali la aliye peke yake ni atajuaje kama amekaa sawa. Kioo hakinisaidii, kwa sababu ukigeuza shingo kujitazama umeshaharibu mkao. Naiegemeza simu kwenye mtungi wa maji, ubavuni kwangu, najirekodi, halafu naangalia. Siku nyingine binti wa dada yangu akiwa kwetu ananisimamia. Tulikuwa kwenye mkao wa shujaa, mguu mmoja mbele goti limekunjwa, mikono imenyooshwa pande mbili.

"Mamdogo, goti linaingia ndani."

"Mbona nahisi limenyooka?"

"Angalia kidole chako kikubwa. Unakiona?"

Sikukiona, goti lilikuwa limekifunika. Nikalisukuma nje hadi likaelekea kidole cha pili, na papo hapo uzito ukahama kutoka gotini ukaingia pajani na kwenye kalio. Nilipoirefusha hatua, likakaa juu ya kifundo cha mguu bila kupitiliza. Kwa sisi wenye uzito hapo ndipo pa kuwa wakali, kwa sababu goti linaloingia ndani linaubeba mwili wote likiwa limepinda.

Binti huyo ndiye aliyeleta pia mpini wa fagio. Unawekwa mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega, na juu ya makalio. Nainama, na ukiachana na sehemu moja kati ya hizo tatu, mgongo umeshapinda, nasimama hapo. Kwa fagio hilo nilijifunza ule mkao wa mbwa anayejinyoosha, viganja na nyayo chini, makalio juu. Sikuanzia chini, kwani vifundo vya mikono vilikuwa vinawaka. Nilianzia ukutani, viganja kwenye kimo cha nyonga, nikarudi nyuma hadi mwili ukafanya pembe. Baadaye nikahamia kwenye kiti. Magoti yanakunjwa bila wasiwasi, mgongo ulionyooka ndio wenye thamani kuliko miguu iliyonyooka. Viganja navikandamiza upande wa kidole gumba na cha shahada, la sivyo uzito unaangukia kifundo upande wa nje.

Kupeleka mguu mbele kati ya mikono kutoka kwenye mkao huo, jambo ambalo kwenye video huchukua sekunde moja, mimi naweka mikono juu ya vigoda, napata nafasi, tumbo halinizuii. Mguu ukiishia njiani, naushika kifundo kwa mkono nauvuta. Kwenye mkao wa mtoto, yaani kupiga magoti, kukalia visigino na kuinama mbele, magoti naachanisha kwa upana, mto chini ya kifua, blanketi iliyokunjwa kati ya mapaja na vigimbi vya miguu ili goti lisibanwe na nyama.

Mwenye presha azungumze na daktari kwanza kuhusu mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo. Mimi yangu hupanda mara kwa mara, kwa hiyo kichwa changu hakikai chini muda mrefu, nainuka polepole, na kusimama kwa kichwa au mabega nimekuacha kabisa.

Kwa sasa nafanya mkao wa mbwa mikono ikiwa kwenye vigoda, sihitaji tena kiti. Ule wa ubao, mwili umenyooka ukibebwa na mikono na vidole vya miguu, bado naufanyia ukutani, kwa sababu nikishuka sakafuni kiuno kinazama hata magoti yakiwa chini, na fagio linanionyesha wazi. Kikiacha kuzama, nitashuka kwenye kiti.