Malimbikizo ya Mwalimu wa Hesabu

Mwanangu wa pili, yule anayefundisha chuo cha kanisa, alinipigia simu juzi usiku. Mwezi huu nao umepita bila mshahara. Hakupiga kulalamika, alitaka tu nijue kwa nini hatafika nyumbani Pasaka. Tulipoagana sikwenda kulala. Baba yake alizima redio, akaniangalia, akasema, "Unamuwaza yule mwalimu." Ni kweli nilikuwa namuwaza.

Ilikuwa Januari 1990, chuo chetu cha kanisa kinafunguliwa kwa muhula mpya. Ofisi ya fedha, nilikofanya kazi, ilikuwa kile chumba cha mwisho kilichopakana na stoo ya chakula, na waliopita pale watakumbuka jinsi hata risiti zetu zilivyonuka dagaa. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Ushirika si zamani, bado naamini kwamba leja ikisawazishwa vizuri na mambo yenyewe yatakaa sawa.

Ada yetu ilitokana na kahawa. Karibu mlima mzima wa Kilimanjaro ulisomesha kwa kahawa. Mkulima anapeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, anapewa malipo ya awali na risiti, kahawa inakwenda mnadani Moshi mjini, naye anarudi kihambani, shambani kwake nyumbani, kungoja malipo ya pili. Mwaka ukiwa mzuri sana, kunakuwa na malipo ya tatu. Wazazi waliandika ahadi zao hivyohivyo: "Nitalipa malipo ya pili yakitoka." Hatukuwauliza tarehe, maana hata sisi mishahara yetu ilifuata kalenda hiyo.

Basi Julai 1989 yale makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika. Nchi zilizokuwa zinauza kwa mgawo zikawa huru kuuza zitakavyo, maghala yakafunguliwa, na bei ikaanguka karibu nusu katika miezi michache. Tulisikia redioni, lakini uzito wake tuliujua msimu ulipokwisha. Nayo shilingi ilikuwa inashuka. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na katika mwaka huu ninaousimulia ilikaribia 200. Waliotuelezea walisema mkulima atafaidi, kwa kuwa kahawa yake inauzwa kwa dola. Labda angefaidi kama bei ingesimama. Badala yake dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, ilipanda, dawa ya kutu ya majani ikapanda, nauli ikapanda, na kwetu chuoni karatasi za stensili zikawa kitu cha kufungiwa kabatini. Miaka michache nyuma tulikuwa na fedha na dukani hakuna sukari wala sabuni. Sasa sukari na sabuni zilijaa madukani, na fedha ndiyo haikuonekana.

Marafiki zetu wa Ujerumani, waliokuwa wakituchangia, waliandika barua nzuri, ya upendo kabisa. Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa Novemba, na sharika zao sasa zilikuwa zinawachangia ndugu zao wa upande wa mashariki. Walituombea. Kiasi walichotuma kilikuwa kidogo kuliko kile tulichokwisha kukiweka kwenye bajeti.

Katika bodi walikuwamo wazee waliotaka tufunge kwa mwaka mmoja. Sikuwalaumu. Walikumbuka shule za kanisa zilivyotaifishwa baada ya 1969, wakaona wamekwisha kujenga mara moja na kupoteza, sasa wanaambiwa wabebe mzigo mwingine. Mkuu wa chuo, Mchungaji wetu, aliwasikiliza wote, halafu akasema tutafungua, ila asiye na nusu ya ada arudishwe. Tangazo hilo alilitia sahihi yeye mwenyewe na nililibandika mlangoni kwa mkono wangu.

Mzazi mmoja alifika saa nne asubuhi. Alikuwa na koti la suti la kahawia lililopigwa pasi, na viatu vya mpira vyenye matope ya juu mlimani, huku chini ardhi ikiwa kavu. Kwenye kucha zake kulikuwa na rangi ya bluu ya mrututu, dawa ya kahawa, ile isiyotoka hata ukisugua kwa sabuni. Binti yake, mwaka wa pili wa uhazili, alibaki mlangoni chini ya lile tangazo, sanduku la bati mkono mmoja, mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Hamjambo hapa?"

Aliketi. Akatoa kwenye koti mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa katani, akaufungua fundo kwa fundo bila kuukata uzi. Ndani mlikuwa na risiti za chama cha msingi. Akazipanga mezani kwangu kwa tarehe, moja baada ya nyingine, kila moja akiinyoosha kwa kiganja kabla ya kuweka inayofuata, mpaka zikafunika leja. Kilo, daraja, tarehe, sahihi ya karani. Za mwanzo wa msimu zilikuwa na kilo za kutosha. Kuanzia Oktoba zilipungua, na ya mwisho ilikuwa kilo chache tu, za kuokoteza.

"Ada ya mtoto ni hii," akasema.

"Baba, hizi ni risiti. Malipo ya pili hayajatoka."

"Malipo hayajatoka, lakini kahawa imetoka. Imetoka kwangu, nimeipeleka, wameipima, wameandika. Kama hii si mali yangu, ni ya nani?"

Nilijumlisha kwa penseli pembeni mwa kitabu. Kwa bei ya msimu uliotangulia risiti zile zingelipa mwaka mzima na kubakiza nauli na nguo. Kwa bei iliyokuwa inasemwa wakati ule zisingetosha hata muhula. Nilipoinua macho nilimkuta anatazama penseli yangu, na nikaelewa kwamba jumla ile alikwisha kuipiga nyumbani kwake, pengine mara nyingi, na bado akapiga pasi koti akaja.

Nilikwenda kumwita Mchungaji. Alikuja, akamsalimu kwa Kichagga, akauliza habari za mama wa nyumbani, za ng'ombe, za mfereji wa maji uliokuwa umebomoka juu kwao. Ndipo akavuta kiti akasoma zile risiti, zote, bila haraka.

"Hapa Oktoba umeangukia wapi?"

"Chulebuni, Mchungaji. Dawa niliyopata ilitosha nusu ya shamba. Nikachagua miti ya kuokoa."

"Mimi kwangu niliiacha yote," Mchungaji akasema. Akakaa kidogo, kisha akanigeukia. "Andika namba za risiti hizi kwenye leja, ukurasa wa binti. Karatasi zenyewe mrudishie baba, ni zake. Mtoto aingie darasani."

Mzee alizikusanya kwa mpangilio uleule, akafunga uzi. "Aika, mbee," akashukuru kwa Kichagga, na alipofika mlangoni akaubeba ule mkungu wa ndizi akaupeleka jikoni mwenyewe, hakutaka binti aubebe.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama nje ya dirisha muda wote, karatasi ya kuomba advansi mkononi. Mishahara ya Novemba na Desemba ilikuwa haijalipwa. Alikuwa mtu mpole, wa kufuta ubao hadi pembeni na kuzima taa za darasa jioni. Aliingia, akamsalimu Mchungaji kwa heshima zote, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake.

"Mchungaji, sina neno na mzazi yule. Amekuja na karatasi na umempokea, na umefanya vizuri. Naomba kuuliza tu. Mimi nikienda dukani na karatasi, nitapokelewa?"

Nilitegemea Mchungaji atataja imani, au uvumilivu, au wamisionari wa Leipzig waliofika Machame 1893 wakalala kwenye mahema. Alikuwa na hotuba hizo na alizitoa vizuri. Siku ile hakutoa hata moja. Alisema, "Mwalimu, hutapokelewa." Akasimama. "Twende stoo."

Tulikwenda watatu. Stoo ilikuwa na magunia machache ya maharage na mahindi kutoka shamba la chuo la huku chini tambarare. Mama mpishi alipima debe moja la maharage, akalisawazisha kwa ubao, akaongeza viganja viwili juu bila kuambiwa. Nami nikafungua kitabu cha vocha na hapo nikakwama, maana sikujua niandike bei gani. Ya mavuno, au ya leo? Tofauti yake haikuwa ndogo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenijibu: "Andika bei ya soko la Mbuyuni ya wiki hii. Ndiyo ambayo ningelipa." Nikaandika, akatia sahihi, akajitwika debe lake akapita nyuma ya madarasa, njia ya vichakani, ili wanafunzi wake wasimwone.

Muhula ule tuliumaliza. Habari ya stoo ilisambaa, wazazi wakaanza kuleta vitu: mahindi, maharage, ndizi, maziwa kwenye vibuyu na madumu. Kila Jumanne nilishuka Mbuyuni kuuliza bei, nikirudi nawaandikia wazazi kwa bei hiyo na kuwakata walimu kwa bei hiyohiyo. Jina la Mchungaji aliagiza liwe la mwisho kwenye orodha ya mishahara, na kwa miezi kadhaa orodha haikufika kwake. Wanafunzi walikula mtori na kiburu, vyakula vya ndizi, mpaka wakachoka, lakini walikula. Malipo ya pili yalipotoka yalikuwa madogo kama tulivyoogopa. Yule mzazi alileta alichopata, akaomba radhi kwa kilichobaki. Binti alimaliza na cheti chake.

Baadaye bodi ikakaa kuamua habari ya madeni. Ya wazazi wa msimu ule yakafutwa, na nilifurahi. Ya walimu ikaamuliwa yalipwe kidogo kidogo, kadiri chuo kitakavyoweza. Hapo niliomba ruhusa ya kusema, nikiwa mdogo kuliko wote chumbani. Nikasema malimbikizo ya walimu tuyaandike kwa debe. Mwalimu anadai madebe kadhaa ya maharage ya Mbuyuni, basi siku ya kumlipa tumlipe thamani ya madebe hayo, maana bei zilikuwa zinapanda kama asilimia 30 kwa mwaka na shilingi tunayomwandikia leo haitakuwa shilingi atakayoipokea. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi benki alinijibu kwa upole. Hesabu za chuo zinakaguliwa kwa shilingi, akasema, na hata wanaotudai sisi wanatudai kwa shilingi, na tukianza na maharage hatutajua pa kuishia. Sikuwa na jibu. Kwa sheria za hesabu alikuwa sahihi, na fedha za kulipa hayo madebe hazikuwapo.

Mwalimu wa hesabu alihamia sekondari moja ya binafsi huko Arusha. Fungu lake la mwisho nilimkabidhi mwaka 1993, alipopita Moshi akielekea msibani. Alihesabu noti, akatia sahihi, akaniuliza debe la maharage Mbuyuni ni shilingi ngapi siku hizi. Nikamwambia. Akageuza nakala yake ya risiti, akagawa kwa penseli, akaandika namba mbili: madebe ambayo mshahara ule ungenunua mwezi aliopaswa kuupata, na madebe ambayo ungenunua siku ile. Ya pili haikufika nusu ya kwanza. Hakukasirika. Alinionyesha kama anavyomwonyesha mwanafunzi, akaikunja risiti, akaniuliza kama Mchungaji hajambo.

Mume wangu husema kama tungefunga mwaka ule, walimu wangekosa hata hiyo nusu, na yule binti angerudi kihambani. Alipata kazi ya uhazili mjini na kwa mshahara wake akasomesha wadogo zake wawili. Hilo nalijua, na nikikutana naye sokoni hunishika mikono yote miwili. Lakini sehemu ya ada yake ililipwa na mwalimu wa hesabu, ambaye hakuombwa na mtu yeyote, na jina lake halipo kwenye orodha ya wafadhili iliyosomwa kwenye jubilei ya chuo. Niliisikiliza mpaka mwisho. Walitajwa waliotoa saruji, mabati, cherehani na gari. Nilipomwambia mwenyekiti baada ya ibada, alisema walimu walikuwa waajiriwa na walilipwa stahili zao zote, vitabu vipo. Vitabu niliviandika mimi, na ndivyo vinavyosema.