Silva ya miaka mia saba niliyoiokota Norfolk, na kwa nini niliipeleka

Huku Uingereza ukiokota kitu cha dhahabu au silva chenye umri wa zaidi ya miaka 300, na madini hayo yakiwa angalau asilimia 10 ya uzito wake, basi ujue hicho kitu si chako mpaka sheria iseme ni chako. Una siku 14 za kutoa taarifa, na ukikausha makusudi wanaweza kukufunga hadi miezi mitatu au kukupiga faini. Hiyo ndo sheria yao ya hazina ya mwaka 1996, inatumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Naanza na sheria kwa sababu karibu kila ndugu niliyemhadithia habari ya kile kipambo cha silva nilichookota shambani, swali lake la kwanza ni lile lile, sasa kwa nini usingeuza tu kimya kimya, nani angejua? Mimi najibu kwamba ningejua mimi, na pili kile kitu kingekufa. Ngoja nieleze.

Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Norfolk, mashariki mwa England, shifti nyingi za usiku, na huku kwetu ni mashamba tu kila upande, ngano, shayiri na viazi sukari vile vya kutengenezea sukari. Jirani yangu mmoja mzee mstaafu ndo alinitia kwenye huu mchezo wa kutembea na mashine ya kusaka vyuma, ditekta wenyewe wanaita, unavaa hedifoni unapepesa ile sahani chini taratibu, kulia kushoto, kulia kushoto, yaani baada ya usiku mzima wa kuinua watu na kubadilisha mashuka hakuna kitu kinanituliza kichwa kama kile. Lakini huingii shamba la mtu hivi hivi. Kila ardhi ina mwenyewe, unaomba ruhusa, na mzee alinisisitiza iwe kwa maandishi na mkubaliane mapema mkipata cha maana mnagawanaje, maana pesa ikishaonekana ndo urafiki unaisha. Kuna bima pia unalipia kupitia chama chenu. Na yale maeneo ya kale yaliyowekwa chini ya ulinzi wa serikali hugusi kabisa hata mwenye shamba akikuambia twende.

Vitu vingi unavyotoa ni takataka, visigino vya viatu, vifungo, maganda ya risasi, misumari. Chuma kinakoroma kwenye hedifoni. Silva inalia juu, kasauti kembamba kasafi hivi, ukikasikia mara moja hukasahau. Siku hiyo walishavuna, yamebaki mabua tu, nikasikia ile sauti nikageuka nikapitisha tena kwa upande mwingine bado iko pale pale, nikachimba kipande cha udongo kama shubiri moja, nikakipasua kwa mkono na kikatoka kiduara cheusi, upana wake sentimita mbili na kidogo, katikati tundu, na kijipini chake bado kimelala juu kikiwa kizima. Nilijua ni bruchi, ile ya kubania nguo shingoni. Sikusugua. Mzee alishanionya zamani, usisugue, usioshe na chochote, utafuta vitu usivyoviona kwa macho. Nikadondoshea maji ya kunywa matone tu udongo ukalegea, nikaona kuna herufi zimechongwa kuzunguka duara lote, zinaanza na kamsalaba, halafu A, V, E, M, A, R.

Jamani mimi nimezaliwa Bagamoyo, nimekulia parokiani kule walikofika mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nimeimba Ave Maria kwa Kilatini kwaya ya watoto kabla hata sijajua kusoma vizuri. Nikakaa chini pale pale kwenye mabua. Mtu fulani wa karne ya 13 au ya 14 alikuwa anafunga nguo yake kila asubuhi kwa sala ninayosali mimi. Baadaye niliambiwa bruchi za namna hii zilivaliwa na wanaume na wanawake, na waliamini maneno yale matakatifu yanamkinga mvaaji, kwa hiyo lilikuwa pambo na kinga kwa pamoja. Na shamba lenyewe haliko mbali na njia za kwenda Walsingham, patakatifu pa Bikira Maria ambapo mahujaji walikuwa wanamiminika toka pande zote mpaka mfalme Henry VIII alipopavunja mwaka 1538, na mpaka leo Waafrika Wakatoliki tunajaza mabasi kwenda kuhiji pale. Kwa hiyo akili yangu ilishaenda moja kwa moja kwa hujaji aliyepita pale akaangusha bruchi yake.

Nikapiga picha, nikachukua alama za mahali kwenye simu, nikapima kina, nikampigia mwenye shamba kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama nilimpigia jioni. Akasikiliza yote halafu akaniuliza, "Mwenyewe shamba kaiona?" Nikamwambia ameiona Mama. "Na wakubwa wa huko?" Nikamwambia wiki hii hii napeleka. Akasema haya, Mungu akubariki mwanangu, akahamia kuuliza kama nakula.

Kupeleka kwenyewe si kazi ngumu. Kisheria taarifa inakwenda kwa koroneri wa wilaya, yule yule anayechunguza vifo vya utata, cheo chake kipo tangu 1194 na hazina zilizookotwa ziko mikononi mwake tangu enzi hizo. Ila kiuhalisia unawasiliana na afisa wa vitu vilivyookotwa wa mkoa wako, wako chini ya mpango mmoja mkubwa unaosimamiwa na British Museum, wao ndo wanampelekea koroneri. Dada niliyempelekea alinipokea vizuri sana, akavaa glavu, akapima upana, akapima uzito, akaiweka chini ya lenzi akasoma herufi moja moja, akanipa risiti. Nikamuuliza habari ya hujaji wangu, akaniambia kwa upole kwamba inawezekana lakini hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu zamani samadi na taka za majumbani zilikuwa zinamwagwa mashambani, vitu vingi vidogo vilifika huko kwa njia hiyo. Alichotaka kwangu kuliko vyote ni ile alama ya mahali. Ukiwa na bruchi peke yake mezani una pambo zuri tu, ukiwa na bruchi pamoja na sehemu yake halisi na sarafu mbili zilizookotwa shamba la jirani na vigae vilivyotoka mfereji wa karibu, unaanza kuona watu walikaa wapi, walipita wapi. Hata kwenye rekodi ya wazi wanaficha sehemu kamili ili wezi wa usiku wasije na mashine zao.

Wezi wapo kweli. Mwaka 2015 jamaa wawili waliokota hazina ya enzi za Viking, wale wavamizi wa baharini toka Skandinavia, karibu na mji wa Leominster, inakadiriwa sarafu kama 300, wakazificha na kuziuza chini kwa chini. Zilizopatikana ni kama 30 tu. Walihukumiwa vifungo vya miaka mingi 2019, lakini mimi kinachoniuma si kifungo chao, ni zile zilizopotea, maana katika hizo chache zilizorudi kuna zinazoonyesha mfalme Alfred wa Wessex na mfalme Ceolwulf wa Mercia, falme mbili za England ya kale, wamekaa pamoja kama washirika, wakati waandishi wa upande wa Alfred walimwandika Ceolwulf kama kibaraka asiye na akili. Hizo nyingine zilikuwa na nini? Halafu angalia baba na mwanawe waliookota hazina ya Vale of York, kaskazini mwa England, mwaka 2007, kikombe cha silva kimejaa ndani, sarafu 617 kwa jumla, baadhi ni dirhamu za Kiislamu na kuna iliyotoka mpaka Samarkand, Asia ya Kati. Wao walipoona ni nini wakakipeleka kikombe kama kilivyo, na udongo wake ndani, wataalamu wakakifungua taratibu maabara. Ikathaminiwa zaidi ya pauni milioni moja wakagawana na mwenye ardhi kwa amani kabisa.

Nawaza sana nyumbani. Nimekulia jirani na magofu ya Kaole, msikiti wa pale ni wa karne ya 13, yaani bruchi yangu na ule msikiti ni rika moja. Watoto tulikuwa tunaokota shanga na vigae ufukweni, vingine vya kutoka Uchina, na wageni walikuwa wananunua kwa hela ya soda. Tunajua kwamba watu wa pwani walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe za silva, zimeandikwa Kiarabu, kwa sababu mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana zaidi ya 2,000 mahali pamoja na dinari chache za dhahabu, na zikaandikwa zote ziko wapi na ziko na nini. Zingeuzwa moja moja pale Stone Town nani leo angekubali kwamba zamani hizo tulikuwa na pesa yetu ya silva?

Bruchi sasa iko kwenye mlolongo, makumbusho ya Norwich imesema inaitaka, kwa hiyo inasubiriwa koroneri atamke kama ni hazina halafu kamati ya uthamini iseme bei, inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Fungu la kawaida ni nusu kwa nusu mimi na mwenye shamba. Si pesa ya kujengea, bruchi ndogo kama hizi hazina bei kubwa. Tumeshaongea mimi na yeye, tunafikiria tuwaachie makumbusho bure, na sheria inaruhusu hivyo.

Kwa walioko Scotland, kwenu sheria ni tofauti, unatakiwa kutoa taarifa ya kila kitu cha kale hata kama si silva, kwa sababu vyote ni vya Taji, yaani mali ya dola ya mfalme, na zawadi inakwenda kwa aliyeokota, mwenye ardhi hana fungu. Na mnaotaka kubeba mashine kwenda nayo likizo Tanzania, sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inakataza kuchimba au kusaka mabaki ya kale bila leseni, kwa hiyo iacheni tu huku huku.