Geji 20 inayojipakia yenyewe: mimi nilianza na risasi, bunduki ikafuata

Watu ninaowinda nao wananiuliza kila tukitoka, kaka mbona umechukua ishirini wakati huku Mbeya kila mwenye shotigani ana kumi na mbili? Nimejibu juu juu mara nyingi, sasa leo nimekaa nimeamua niandike lote, maana wapo wawili watatu wanaotaka kununua na naona wanaelekea kukosea palepale nilipotaka kukosea mimi.

Baba yangu ni mtu wa kanga na kwale tangu nikiwa mdogo, upande wa Chunya kule, na ana ile ya mtutu mmoja ya kuvunja katikati, geji 12. Ni nyepesi kubeba ukitembea siku nzima, ila bunduki nyepesi ya kumi na mbili inapiga teke sio mchezo, na mzee mwenyewe bega lilimshinda akaacha kutoka. Mimi nilipata ajali ya bodaboda nikavunjika mtulinga wa kulia, ukaunga vizuri tu, lakini nikipiga risasi nane tisa za kumi na mbili mkono unaanza kufa ganzi mpaka vidoleni. Kwa hiyo sikuingia kwenye geji ndogo kwa fasheni, niliingia kwa sababu bado naipenda ile asubuhi ya vumbi na umande na kanga wanaita mbali huko, na sikutaka kuiacha nikiwa na umri huu.

Geji kwa asiyejua ni hesabu ya zamani ya Waingereza. Unachukua ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 454, unaigawa vipande sawa vya mviringo, kama ni vipande 12 basi kimoja chao ndio upana wa mtutu wa geji 12, kama ni 20 basi ni geji 20. Ndio maana namba ikipanda tundu linapungua: 12 ina kama milimita 18.5, 16 ina 16.8, 20 ina 15.6, na 28 inabaki 14 tu. Ile shotigani ndogo ya 410 haimo kwenye hesabu hii, yenyewe ni kipimo cha tundu moja kwa moja.

Moyo wangu kusema ukweli ulikuwa kwenye 16. Kuna mzee mmoja Iringa ana Browning Auto-5 ya geji 16 iliyotengenezwa Ubelgiji, kibali chake, ya kwake kihalali, akanionesha sebuleni. Ile mashine John Browning aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1800, ikaanza kutoka kiwandani Herstal, karibu na Liège, mwanzoni mwa 1900, na ilidumu sokoni karibu karne nzima. Ukifungua mbao ya mbele unakuta pete za chuma, unazipanga hivi kwa risasi nzito, unazigeuza vile kwa risasi nyepesi, ukikosea inakupiga wewe au inagoma kula. Niliishika nikasema hii hii. Halafu mzee akaniuliza swali moja tu, mwanangu, risasi utanunua wapi?

Nikaenda kutafuta. Risasi za 16 nilipiga simu mpaka nikachoka, hakuna. Na zile bunduki za zamani zina mtego mwingine, nyingi zilichongwa chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, ya urefu wa milimita 65 wakati risasi za siku hizi ni 70. Risasi inaingia bila shida, unafunga, ila ikilipuka mdomo wake haupati nafasi ya kukunjuka wote na presha inapanda. Kwa hiyo ukirithi ya babu usijaribu kabla fundi hajapima chemba. Nikaulizia 28, hali ileile, na hata ungepata ni gramu 21 tu za marisau, zile punje za ndani ya risasi, kwa kwale wa karibu ni tamu mno lakini kanga mkubwa anayekimbia mita 35 mimi sijiamini nayo.

Ikabaki 20. Na hata hiyo msidhani ipo kila duka, hapana. Muuzaji mmoja Dar aliniambia mzigo wa 20 unaingia wiki ijayo, hiyo wiki ijayo ikawa miezi mitatu, na kama ningekuwa nimeshalipia bunduki ningekuwa nimekaa na fimbo ya bei mbaya. Nilisubiri mpaka nikapata wauzaji wawili tofauti waliokuwa na maboksi dukani, nikayaona kwa macho, ndipo nikaanza kufikiria bunduki. Huo ndio mpangilio ninaowaomba mfuate jamani, risasi kwanza. Picha za bunduki nzuri zipo nyingi kwenye simu, ila huku kwetu bunduki ni ile yenye chakula.

Sasa hii ya kujipakia. Zipo njia mbili kubwa na watu wanabishana sana. Ya kwanza ni ya gesi, kwenye mtutu kuna vitundu vidogo vinavyoiba gesi kidogo ya mlipuko, inasukuma pistoni, pistoni inarudisha nyuma boti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, ganda linaruka nje na risasi nyingine inapanda. Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyowafanya wengi waipende njia hii, kwa sababu lile teke linasambaa kwa muda mrefu kidogo, begani unasikia kama unasukumwa badala ya kupigwa. Ubaya wake ni masizi. Ya pili wanaiita inasha (inertia kwa Kiingereza), Benelli wa Italia ndio wamejenga jina nayo, ndani ya boti kuna springi fupi ngumu, bunduki nzima inaporudi nyuma boti inabaki pale kwa sababu ya uzito wake, springi inabanwa, halafu inajikunjua na kurusha boti. Ni safi, ina vitu vichache, unafuta tu. Ila inahitaji teke lenyewe ili ifanye kazi, maana yake risasi ikiwa dhaifu hakuna kitu.

Hili nililiona kwa macho yangu upande wa Chunya mwaka juzi. Mwenzangu ana ya inasha geji 20, siku hiyo alikuwa na risasi nyepesi za gramu 21, ndizo alizopata. Kundi likaruka, akapiga ya kwanza, ya pili kimya. Nilikuwa hatua nne kulia kwake, nikaona ganda la njano limebanwa na boti kwenye dirisha la kutolea maganda, limesimama wima linatoa moshi, nusu ndani nusu nje. Kanga wote wameshavuka korongo. Akaelekeza mtutu chini, akalichomoa kwa kidole, akaniangalia tu. Bunduki haikuwa mbovu hata kidogo, risasi ndiyo haikuwa yake. Alipopata za gramu 28 sijaiona ikigoma tena.

Mimi kwa sababu ya mtulinga nikachukua ya gesi, chemba ya milimita 76 ambayo inakula na zile za 70, uzito kama kilo 2.8 hivi. Gramu 28 za marisau namba 5 zinanitosha kabisa. Kusafisha ni lazima, vumbi la Chunya likichanganyika na masizi pistoni inakuwa kama imepakwa lami. Na mafuta weka kidogo sana, kwa baridi ya Juni ya huku juu, ukiwa Uyole au Makete saa kumi na mbili asubuhi, mafuta mazito yanaganda na boti inarudi kivivu.

Kuna jambo moja nataka kila mwenye 20 kwenye nyumba yenye 12 alijue kama anavyojua jina lake. Siku niliyofika na boksi langu baba aliomba ganda tupu la njano, akavunja ile ya kwake, akaliachia kwenye chemba. Halikukaa. Likateleza likapotea ndani, likasimama pale tundu linapoanza kuwa jembamba. Kisha akachukua ganda tupu jekundu la kumi na mbili, akaliweka nyuma yake, likaingia vizuri kabisa, akafunga bunduki, ikafunga. Akasema, ukiwa porini unabonyeza haijalia, unafikiri hukupakia, unapakia. Mtutu unapasuka mkono wako wa kushoto ukiwa juu yake. Risasi za 20 zinatengenezwa njano kwa ajili ya hilo, lakini rangi haisaidii kwenye giza la alfajiri wala mfukoni. Mimi koti la 20 halijawahi kuingia risasi ya 12, na ya baba inakaa kabati tofauti na ufunguo tofauti.

Na kingine, ile ya kuvunja ukiifungua wenzako wote wanaona ni tupu. Ya kujipakia ukishapiga, nyingine imeshapanda yenyewe hata hujafikiri. Mimi tukikutana kuongea naivuta boti nyuma, naizuia ibaki hukohuko nyuma, na naingiza kidole kwenye chemba, hata kama kila mtu ananisubiri.

Mambo ya vibali nilianza nayo kabla sijalipa senti. Nilienda polisi nikaeleza nataka geji gani na kwamba inajipakia yenyewe, nikauliza kama itakubalika, maana sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina cha kubahatisha. Leseni ya kuwinda ni kitu kingine na unaipata kwa watu wa wanyamapori, na uulize mipaka, sehemu kubwa ya Usangu ambako wazee walikuwa wanapita iliingizwa Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008.

Jumapili iliyopita nilikuwa naisafisha nyumbani, nimeshaihakikisha tupu, baba akaomba aishike. Akaiweka begani, akafuata kunguru aliyekuwa anapita juu ya bati, akaishusha, akaipandisha tena upande uleule unaomuuma. Mara tatu. Halafu akanirudishia akaniuliza, "Hivi leseni yangu ile inaisha lini?"