Kupima kasi ya prosesa kupitia kivinjari
Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, mimi hupima kasi ya prosesa yake kwa Speedometer, jaribio linaloendeshwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha programu yoyote, na ambalo toleo lake la 3.0 lilitolewa Machi 2024 kwa ushirikiano wa Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Huiga kazi za kawaida za mtumiaji, kisha hutoa alama. Hata hivyo, kinachopimwa ni prosesa pamoja na kivinjari, kwa hiyo kulinganisha kompyuta mbili zenye vivinjari tofauti ni kujidanganya. Nasisitiza pia chaja ichomekwe na jaribio lirudiwe mara kadhaa, kwa sababu prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi, na udhaifu huo aghalabu hauonekani katika jaribio la kwanza.