Daftari la leba lisiwe la kutafutia maksi

Wanafunzi wapya wakiletwa wodini huku kwetu Mombasa kila mmoja anakuja na vitabu viwili, kimoja cha kusainiwa, yaani umezalisha wangapi, umepima wajawazito wangapi, umekagua watoto wangapi, na cha pili ni lile daftari la kutafakari, la kuandika uliyoyapitia wodini na ulichojifunza, na hilo la pili wengi wanalijaza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Wanakaa hosteli wanaandika kurasa mfululizo na zote zinafanana, mama alipokelewa, alihudumiwa vizuri, nimejifunza umuhimu wa ushirikiano kazini. Ukisoma hujui mwanafunzi mwenyewe alisimama wapi wala aliogopa nini. Mimi nafundisha ukunga wodini na hili jambo linaniuma sana, manake lile daftari likiandikwa sawasawa linamjenga mkunga kuliko hata hicho kitabu cha kusainiwa.

Darasani wote wamefundishwa mzunguko wa Gibbs, zile hatua za kutafakari alizoziandika 1988, unaanza na kilichotokea, halafu ulihisi nini, kipi kilienda vizuri na kipi hakikwenda, kwa nini, ungeweza kufanya nini kingine, na ikitokea tena utafanyaje. Wanaujua wote kwa moyo. Lakini ile hatua ya pili wanairuka, wanaona mambo ya hisia ni ya kulialia, hayafai kuandikwa kwa kazi ya shule. Na kwa vile ninavyoona mimi hapo ndipo penyewe.

Kuna mwanafunzi mmoja aliandika mstari mmoja tu kwamba alimwambia mama anyamaze aache kupiga kelele. Saa ya chai tukaketi kwa benchi nje, mahamri na chai mkononi, sikumwambia umekosea. Nikamuuliza, mwanangu, wakati unamwambia vile mikono yako ilikuwa inafanya nini? Akanyamaza kidogo, akasema sista nilikuwa na fetoskopu, kile chombo cha kusikilizia tumboni, nilikuwa natafuta mapigo ya mtoto siyapati, na mama anajigeuza geuza. Kumbe ule ukali wote ulikuwa hofu. Anajua kabisa mapigo yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika, anajua kila nusu saa lazima asikilize, na ile nusu saa imefika hana cha kuandika, na kumuita nesi wa zamu anaogopa ataonekana hajui kazi. Sasa hapo tuna la kuongea! Tukaongea vile unamlaza mama ubavu, unangoja uchungu ulegee, unasikiliza dakika nzima, ukikosa unaita mtu hapo hapo bila haya. Na kwamba yule mama angeambiwa tu "dada, nataka kumsikia mtoto, nisaidie kidogo" pengine angetulia mwenyewe. Haya yote yalikuwa yamejificha kwa mstari mmoja, na kama ningemkaripia angejifunza kutoniandikia ukweli.

Swali dogo linafika mbali. Mwingine aliandika kwamba mzazi alitoka damu nyingi. Nikamuuliza nyingi kiasi gani, akasema ilionekana nyingi. Hapo ndipo akaenda kusoma mwenyewe kwamba kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida tunahesabu ni kuvuja damu, na kwamba jicho la mkunga mara nyingi linaona pungufu ya damu yenyewe, shuka zinainyonya. Akanijia na ule utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, uliofanywa kwa hospitali 80 hapa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ambapo damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama na matibabu yakatolewa kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndio lifuate jingine, na madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna aliyemtuma. Ni lile swali lilimkalia.

Watu wengine wanasema mkunga hana wakati wa kutafakari, leba imejaa, vitanda havitoshi, na ni kweli leba inajaa. Lakini Donald Schön, msomi wa Marekani, tangu 1983 alitenganisha kufikiri kazi ikiendelea na kufikiri kazi ikishaisha, na mimi naona hiyo ya kwanza inazaliwa na ya pili. Mkunga wa siku nyingi akiona kichwa cha mtoto hakiteremki anajiuliza palepale huyu mama amekojoa saa ngapi, kibofu kimejaa kinamzuia mtoto? Hakuzaliwa na hilo swali. Alijiuliza baadaye, mara nyingi, mpaka likawa linakuja lenyewe.

Kwa hivyo walimu wenzangu naomba tuache kuweka maksi kwa hisia za mtu. Angalia tu kama ameandika, basi. Waache waandike Kiswahili, Kiingereza, vyovyote, mistari mitano ya siku hiyo hiyo ndani ya matatu ama wakingoja feri ni bora kuliko kurasa za kubuni. Ila jina la mama na namba ya faili visiingie humo kamwe, daftari linasahauliwa popote, na tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata isingekuwepo siri ya mama ni siri ya mama.

Na mtoto akizaliwa ameshafariki, ama mama akitutoka mikononi, siku hiyo mwanafunzi simwambii akaandike. Namtoa wodini, anakunywa maji, tunakaa, akitaka kulia analia, na jioni nampigia simu kujua amefika nyumbani na hayuko peke yake. Siku zinazofuata namfuatilia, nikiona hapati usingizi ama chakula hakipiti namtafutia mshauri. Kuandika kutakuja akiwa tayari, na akiandika hiyo sisomi mpaka anipe kwa mkono wake.